Maji Yakishapungua: Maafa ya Asili na Bustani za Mkoa wa Tanga

Mvua kubwa inapoukumba Mkoa wa Tanga, taarifa za kwanza huhesabu vitu vinavyoonekana: nyumba zilizobomoka, madaraja yaliyosombwa, ekari za mazao zilizofunikwa na maji. Hesabu hiyo ni ya lazima, na kwa upande wa uhai wa watu haiwezi kungoja. Kwa mkulima wa mboga na matunda, hata hivyo, hesabu ya siku hiyo huwa na kasoro mbili. Baadhi ya mimea inayoonekana imekufa itachipua tena, na baadhi ya ile inayoonekana imesalimika itakufa miezi kadhaa baadaye, wakati mafuriko yamekwisha kusahaulika na msaada umekwisha kugawiwa. Makala haya yanaeleza kwa nini inakuwa hivyo, na kwa nini kujijenga upya kwa mkulima wa kabichi wa Lushoto si sawa na kujijenga upya kwa mkulima wa machungwa wa Muheza, ingawa wote wawili wamepigwa na mvua ileile.

Bustani za mkoa huu hazifanani. Juu, katika milima ya Usambara upande wa Lushoto na Bumbuli, watu hulima kabichi, karoti, nyanya, pilipili hoho, njegere na viazi mviringo, pamoja na matunda ya baridi kama plamu na peasi. Mashamba yao yako kwenye miteremko mikali na katika mabonde membamba yaliyo baina ya vilima. Chini, Muheza, ni nchi ya machungwa, na upande wa Amani kuna iliki, karafuu, mdalasini na pilipili manga. Pwani, kuanzia Mkinga hadi Pangani, kuna minazi, miembe, migomba na mboga za kandokando ya mito. Wote hao hutegemea masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba, na vuli ndiyo yenye kigeugeu zaidi. Maji ya Bahari ya Hindi upande wetu wa magharibi yanapopata joto kuliko yale ya upande wa mashariki, na hasa hali hiyo inapokutana na El Niño, yaani maji ya Bahari ya Pasifiki kupata joto kupita kawaida, mawingu hujikusanya huku na vuli hupita kiasi. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1997 na mwaka 2023, na hata mwaka 2019, ingawa El Niño yenyewe haikuwa na nguvu mwaka huo. Mambo yanapogeuka, vuli hukosekana, kama watu wengi wa pwani na bara wanavyoukumbuka mwaka 2022. Aprili 2024 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alilieleza Bunge kwamba mvua za msimu ule, pamoja na mafuriko na maporomoko yaliyoandamana nazo, zilikuwa zimeua watu 155 nchini na kuharibu mazao, barabara na madaraja. Nyuma ya neno hilo moja, mazao, kuna mambo mengi yanayostahili kufafanuliwa.

Jambo la kuanzia ni kwamba mizizi hupumua. Watu wengi hudhani mzizi ni bomba la kunyonyea maji tu, kwa hiyo maji mengi yangekuwa neema. Ukweli ni kwamba mzizi unahitaji oksijeni ili upate nguvu ya kunyonya hayo maji na virutubisho, na oksijeni hiyo huipata katika vijitundu vya hewa vilivyomo kati ya chembe za udongo. Mafuriko yakijaza vijitundu hivyo, oksijeni mpya haifiki, maana ndani ya maji husafiri polepole takriban mara 10,000 kuliko hewani. Ile iliyobaki humalizwa na mizizi yenyewe pamoja na vijidudu vya udongoni, na katika udongo wenye joto kama wa Muheza kazi hiyo huchukua siku moja au mbili tu. Baada ya hapo ncha za mizizi huanza kufa.

Hapo ndipo mkulima huona kioja cha mche wa nyanya kunyauka ilhali umesimama ndani ya maji. Mche huo una kiu kweli, kwa sababu mizizi iliyokosa hewa haiwezi tena kuyapandisha maji yaliyouzunguka. Mtu akidhani mmea umedhoofika kwa njaa akauwekea mbolea ya kukuzia, anauongezea mzigo: chumvichumvi za mbolea hukusanyika karibu na mizizi iliyojeruhiwa na kuiunguza. Kinachohitajika kwanza ni kuyatoa maji, yaani kufungua mifereji siku hiyohiyo, hata kama ni mfereji mwembamba uliochimbwa kwa jembe la mkono katikati ya matuta. Tofauti kati ya maji yaliyotuama saa ishirini na nne na yaliyotuama siku nne mara nyingi ndiyo tofauti kati ya mavuno pungufu na shamba tupu.

Kuna namna rahisi ya kuujua ukweli bila maabara. Chimba taratibu pembeni mwa mmea, utoe vijizizi vyembamba, kisha uvivute kati ya kidole gumba na cha shahada. Mzizi mzima ni mweupe au wa rangi ya maziwa, na ganda lake limeshikamana nao. Mzizi uliokufa ni wa kahawia au mweusi, hunuka kama yai viza, na ukiuvuta ganda lake huteleza lote likabaki mkononi, ndani ukasalia uzi mwembamba tu. Shamba ambalo mizizi yake mingi bado ni myeupe linafaa kuhudumiwa hata kama majani yamelegea. Shamba ambalo mizizi imekuwa nyuzi ni afadhali ling'olewe mapema, kwa sababu kila shilingi inayoongezwa hapo inaifuata iliyokwisha kupotea.

Kwa mimea iliyonusurika kuna hasara nyingine isiyopiga kelele. Mafuriko huondoa naitrojeni udongoni kwa njia mbili: sehemu yake huchujwa na maji na kuzama chini kusikofikiwa na mizizi, na sehemu nyingine hugeuzwa kuwa gesi na vijidudu vinavyoishi pasipo hewa, ikapotelea angani. Ndiyo maana wiki mbili tatu baada ya maji kuondoka bustani nzima huwa ya njano, ikianzia kwenye majani ya chini. Sasa ndipo mbolea huwa na kazi, tena kwa vipimo vidogo vinavyorudiwa, baada ya mizizi mipya kuanza kuonekana. Ukitanguliza mbolea mbele ya mizizi, umeimwaga.

Kwa michungwa, hatari kubwa huja kwa kuchelewa. Udongoni hukaa kimelea kinachofanana na kuvu, ambacho wataalamu hukiita Phytophthora, na katika maji yaliyotuama mbegu zake ndogo zisizoonekana kwa macho huogelea zenyewe hadi kwenye mizizi na kwenye ganda la shina. Mti huendelea kusimama na hata kubeba matunda. Miezi inapita, majani yanapungua na kupauka, matawi ya juu yanakauka, na karibu na ardhi shina linatoa gundi ya rangi ya kaharabu. Ukikwangua ganda hapo kwa ncha ya kisu, badala ya kijani kibichi unakutana na kahawia iliyooza, na kuoza huko kukizunguka shina lote mti hauna njia tena ya kushusha chakula mizizini. Mwenye shamba atasema ugonjwa umeingia mwaka huu, kumbe uliingia na mafuriko ya mwaka jana.

Kinga yake inaanzia kwenye kitalu. Machungwa bora huzalishwa kwa kubebesha, yaani kikonyo cha mti wenye sifa nzuri huunganishwa kwenye mche wa limao au wa jamii nyingine ya michungwa, na mashina hayo ya chini hayalingani katika kuvumilia ugonjwa huu. Popote penye historia ya maji kutuama, mkulima ana haki ya kumuuliza mwenye kitalu mche umebebeshwa kwenye shina gani, na aukatae mche ambao kiungo chake kiko chini sana. Kiungo kikae juu ya ardhi kwa kiasi cha shubiri moja au zaidi, mche upandwe juu ya kichuguu cha udongo, na tope lililoletwa na mafuriko lisiachwe likakumbatia shina. Kazi ya kuondoa tope shinani inaonekana ndogo, na kwa maoni yangu ndiyo inayopuuzwa kuliko zote: shamba linafyekwa, linapigwa dawa, na miti inaachwa imezikwa hadi magotini.

Katika mboga za jamii ya nyanya, adui anayesafiri na maji ni mnyauko bakteria, unaosababishwa na Ralstonia solanacearum. Maji yakipita katika shamba lenye ugonjwa hushuka nao hadi mashamba yote ya chini ya bonde, na kwa jiografia ya Lushoto hiyo maana yake ni kwamba shamba la jirani wa juu ni sehemu ya shamba lako. Mmea hunyauka ghafla ungali wa kijani. Ili kuutambua, kata kipande cha shina karibu na ardhi, kisafishe, kisha kining'inize ndani ya glasi ya maji safi bila kukitikisa. Ikiwa ni ugonjwa huo, baada ya dakika chache utaona nyuzi nyeupe kama maziwa zikiteremka kutoka kwenye mkato. Hakuna dawa ya kunyunyizia inayouponya, na anayemuuzia mkulima dawa hiyo anamwongezea hasara. Mimea iliyougua hung'olewa na kuondolewa kabisa shambani, na eneo hilo lisipandwe nyanya, viazi mviringo, bilinganya, nyanya chungu, pilipili wala mnavu kwa misimu kadhaa. Mahindi ndiyo mbadala unaofaa. Ni ushauri mgumu kwa mtu ambaye nyanya ndiyo ada ya shule ya watoto, na ni lazima usemwe ukiwa na maelezo ya kile atakachokula na kuuza katika muda huo.

Kwenye miteremko hasara ni ya aina nyingine kabisa, kwa kuwa hapo huondoka udongo wenyewe. Tabaka la juu, ambalo kina chake huweza kuwa cha kiganja tu, ndilo lenye mboji na virutubisho vingi, na likishashuka mtoni halirudi katika maisha ya aliyelipoteza. Watu wa Usambara walijifunza kupambana na jambo hili zamani. Kuanzia miaka ya 1980 mradi wa hifadhi ya udongo na kilimo mseto uliojulikana kwa kifupi kama SECAP ulihimiza mistari ya majani ya guatemala pamoja na miti, iliyopandwa kwa kukingama na mteremko. Majani hayo hushika udongo na papo hapo ni malisho ya ng'ombe wa zizini. Ni mbinu yenye gharama ya kweli, maana kila mstari hula nafasi ya matuta, na familia yenye robo ekari huiona gharama hiyo kila inapopanda karoti. Hata hivyo, hakuna mbegu bora wala mbolea inayoweza kufidia udongo uliokwisha kwenda zake.

Huko chini udongo huo unakotua, mkulima huamka na kukuta bustani imefunikwa na mchanga. Tabaka jembamba huchanganywa na udongo wa zamani pamoja na samadi nyingi, lakini kwanza udongo usubiriwe ukauke. Finyanga donge mkononi: likiganda na kung'aa, bado; likivunjika kwa kuguswa, jembe liingie. Udongo uliolimwa ukiwa chepechepe hushindiliwa na kuwa kama tofali, na mizizi ya msimu unaofuata hulipia haraka hiyo.

Upepo mkali hutujia mara chache, kwa sababu karibu na ikweta nguvu ya mzunguko wa dunia inayovifanya vimbunga vijisokote huwa dhaifu. Mara chache si kamwe. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Zanzibar na pwani inayoielekea, pamoja na Bagamoyo, na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya Unguja. Pemba haikuathirika kiasi hicho, na baada ya hapo ndiyo iliyokuja kuongoza kwa karafuu. Kwa hiyo, pigo la saa chache liliweza kubadilisha ramani ya zao zima, kwa sababu mkarafuu huchukua miaka kadhaa kabla ya kutoa mavuno ya maana. Tarehe 4 Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika pwani ya Tanzania karibu na Mafia, kikakumbusha kwamba historia hiyo haijafungwa. Mnazi wenye shina linalopinda na mizizi mingi inayosambaa hustahimili kuliko mgomba wenye mkungu, ambao huvunjika au kung'oka. Mti mchanga wa matunda ulioinama huweza kuinuliwa ndani ya siku chache, ukapunguzwa matawi, ukafungwa kwenye viguzo, na shina lake likapakwa chokaa ili jua lisiliunguze baada ya kupoteza kivuli cha majani. Mti mkubwa uliokatika mizizi upande mmoja mara nyingi haufai kuteswa hivyo.

Pangani ina tatizo la chumvi. Mto unapopungua nguvu kwa sababu ya ukame na matumizi makubwa ya maji huko juu, bahari hupanda mtoni wakati wa maji kujaa, na bustani za kandokando hunyweshwa maji ya chumvi bila mkulima kujua, hadi aone ncha za majani zimeungua na ukoko mweupe juu ya udongo. Maharage, karoti na vitunguu huathirika mapema, nyanya huvumilia kidogo, na mnazi huvumilia zaidi. Dawa yake ni maji mengi yasiyo na chumvi ya kuisukuma chumvi chini ya mizizi, pamoja na njia ya kuyatolea. Bila njia hiyo, chumvi hupanda tena jua likiwaka.

Ukame wenyewe huonekana kama kinyume cha mafuriko, lakini huacha deni linalofanana nayo. Mchungwa wenye kiu hudondosha vitunda, kisha mvua ikirudi hutoa maua kwa mkupuo mmoja, na mwaka unaofuata machungwa ya wilaya nzima huiva pamoja na bei huporomoka. Wadudu nao hushamiri katika joto kavu: utitiri mwekundu, na kantangaze, yule nondo wa nyanya aliyegunduliwa nchini mwaka 2014. Matandazo ya nyasi kavu kuzunguka shina, yakiachwa mbali kidogo na ganda lake, ndiyo bima ya bei nafuu kuliko zote kwa mwenye miti michache.

Iwe ni upepo, maji au kiu, matunda yaliyoanguka yasiachwe chini. Nzi wa matunda huzaliana ndani yake, na kizazi hicho huyashambulia maembe na machungwa yaliyobaki juu. Yafukiwe kwenye shimo refu, au yafungwe katika mifuko myeusi ya plastiki na kuanikwa juani hadi viluwiluwi wafe. Mboga za majani zilizolowa maji ya mafuriko nazo zisiliwe mbichi wala kupelekwa sokoni, kwa sababu maji hayo yamepita vyooni.

Sasa tuje kwenye muda, kwani humo ndimo umaskini wa baada ya maafa unamotengenezwa. Mchicha huvunwa baada ya wiki tatu au nne, na majani ya kunde na matembele huja upesi. Kabichi na nyanya huhitaji takriban miezi mitatu tangu kuhamishwa kitaluni. Mgomba hukaribia mwaka au kuuzidi. Mchungwa uliobebeshwa huanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne, na mavuno ya kutegemewa huja baadaye zaidi, ilhali mnazi mrefu huchukua miaka sita hadi minane. Mkulima wa Lushoto aliyepoteza kabichi amepoteza msimu, na akipata mbegu na mtaji mdogo anaweza kusimama kabla mwaka haujaisha, mradi udongo wake upo na barabara ya Mombo hadi Soni haijakatika, maana kabichi iliyokosa lori huoza kama iliyofunikwa na maji. Mkulima wa Muheza aliyepoteza michungwa yake amepoteza kipato cha miaka kadhaa, huku mahitaji ya nyumbani yakiendelea kila siku.

Katika pengo hilo ndipo dalali anapoingia. Mkulima asiye na fedha huuza machungwa yangali maua au vitunda vichanga kwa bei ya kukata tamaa, na mti unapozaa, mavuno ni ya mtu mwingine. Simlaumu anayeuza, kwa sababu mtoto mgonjwa hangoji machungwa yaive. Ninachosema ni kwamba msaada unaogawa pakiti za mbegu kwa wote kwa usawa hauwatendei wote haki. Mwenye mboga anahitaji mbegu na dawa mapema. Mwenye miti anahitaji miche safi itakayokuwa tayari mwaka unaofuata, mazao ya muda mfupi ya kupanda kati ya mistari ya miche hiyo, kama kunde, mihogo au mananasi, na mkopo ambao marejesho yake yanaanza baada ya mti kuzaa. Vyama vya ushirika na vikundi vya kuweka na kukopa vinaweza kuubeba mzigo huo kwa sehemu, iwapo masharti yao yataufuata umri wa mti badala ya mwezi wa kalenda.

Miche hiyo haipatikani kwa agizo la ghafla. Kuotesha mche wa limao hadi unene wa penseli na kuubebesha, kisha kusubiri kikonyo kishike na kukua, ni kazi inayokaribia mwaka mmoja au zaidi, na kitalu kilichoko bondeni husombwa pamoja na mashamba ambayo kingeyaokoa. Halmashauri na vikundi vya wakulima vinapochagua mahali pa kitalu, vikiweke mwinukoni, karibu na maji yasiyo na chumvi, na miti ya kuchukulia vikonyo itunzwe katika mashamba zaidi ya moja. Taasisi ya utafiti wa kilimo ya Mlingano, ambayo iko Muheza kwenyewe na kazi yake kubwa ni udongo, ni mahali pa karibu pa kupimisha udongo uliofunikwa na tope kabla ya kununua mbolea. Utabiri wa msimu wa vuli hutolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla mvua hazijaanza, na wiki hizo chache zinatosha kuzibua mifereji, kuvuna kilichokomaa na kuahirisha kuhamishia miche bondeni.